Kliniki ya dawa za akili: anzia karibu, kagua dirisha la dawa

Anayetumia dawa za akili atarudi kliniki miezi na miaka. Ndiyo maana kituo ambacho nauli yake haisumbui kinamfaa kuliko jina kubwa lililo mbali. Kwa Tanzania, Mirembe na Muhimbili ni kwa wenye rufaa au hali iliyoshindikana. Wewe anzia hospitali ya wilaya. Uliza mapokezi siku ya kliniki ya afya ya akili, maana kwingi ina siku zake maalumu. Wakikuzungusha, muulizie mratibu wa afya ya akili wa wilaya katika ofisi ya mganga mkuu. Huyo anajua kituo gani cha afya kina tabibu au muuguzi aliyesomea kazi hii. Usikatishwe tamaa na kukosekana kwa daktari bingwa. Wagonjwa wengi waliotulia wako mikononi mwa watu hao.

Siku ya kwanza beba pakiti za dawa hata kama ni tupu, barua ya kuruhusiwa wodini, na orodha ya kila kinachomezwa, dawa za mitishamba zikiwamo. Nenda na ndugu anayelala nyumba moja na mgonjwa, kwa kuwa usingizi uliopotea yeye ndiye anauona. Orodha hiyo ni muhimu kwa sababu dawa hugombana: karbamazepini, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dolutegraviri, ARV inayotumiwa na wengi. Valproeti, nayo ya kifafa na hisia, inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aambiwe kabla haijaandikwa.

Kisha swali ambalo watu husahau: dawa hii ipo dirishani mwaka mzima? Liulize kwa daktari, halafu ukaliulize tena kwa mfamasia. Olanzapini nzuri (dawa ya wanaosikia sauti au kuchanganyikiwa) inayonunuliwa mtaani na kukatika kila mwisho wa mwezi humrudisha mgonjwa wodini. Haloperidoli, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo, isiyokatika inaweza kumweka kazini kwake. Ila ina gharama yake: ndani ya siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda, taya kukaza, macho kugeukia juu. Familia nyingi hudhani amerogwa na kuacha dawa. Ni athari ya dawa; mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, apewe Artane, kidonge cha kuondoa mkazo huo, au sindano ya kulegeza misuli. Uliza mapema kama Artane ipo.

Olanzapini nayo hupandisha uzito na sukari, hivyo kliniki isiyo na mizani wala kipimo cha sukari haijawa tayari kuitoa. Litiamu, dawa ya wenye hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inataka vipimo zaidi. Kiwango chake hupimwa kama wiki moja baada ya kuanza au kubadili dozi, damu ikichukuliwa baada ya kupita muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho. Figo na tezi la shingo huangaliwa kila miezi 6. Maabara isipoweza, ombeni dawa nyingine. Kuharisha, kutapika au diklofenaki, dawa ya maumivu kama ya mgongo, hupandisha litiamu mwilini hadi mtu atetemeke na kuyumba.

Dawa za sonona huanza kufanya kazi wiki ya 2 hadi ya 4, na huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupona. Kuacha kwafaa kupangwa, dozi ikishushwa polepole. Miadi ya mwanzo iwe ndani ya wiki 2. Kachukueni dawa wiki moja kabla hazijaisha, ili zikikosekana kuwe na muda wa kutafuta kwingine.

Pesa ikiwa kikwazo, pita ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kulipa, uulize utaratibu wa msamaha wa malipo kwa magonjwa sugu.

Mgonjwa akitaja kujiua, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama si siku ya kliniki. Dawa zikae kwa ndugu, na mwombe mfamasia atoe za wiki moja moja: amitriptilini, dawa ya sonona, ya mwezi mzima ikimezwa kwa pamoja inaweza kusimamisha moyo.