Jibu: Mota ya msumeno wa meza inaunguruma bila kuzunguka

Mkuu, umeuliza kuhusu mota ya msumeno wa meza unaoutumia kwa ekstensheni ndefu. Kama mota yako ya fezi moja (umeme wa kawaida wa nyumbani) inaunguruma tu, lakini ukisukuma puli kwa mkono inaondoka vizuri, usikubali haraka kuambiwa isukwe upya (kubadilishwa nyaya za ndani). Mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kuwashia, kile kikopo kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza kuzunguka. Na acha kabisa huo mchezo wa kusukuma: ikishika, msumeno nao unazunguka na vidole viko palepale.

Chomoa plagi, usitegemee swichi peke yake. Kapasita hubaki na chaji, kwa hiyo gusisha ncha zake na nyaya za balbu ya kawaida (ile ya uzi) kabla hujaishika. Ikiwa imevimba au imevuja, tupa. Kariakoo zimejaa, chukua yenye maikrofaradi (µF, kipimo cha uwezo wake) zilezile, volti zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani.

Mpya ikishindwa, fungua kifuniko cha nyuma. Mota nyingi za aina hii zina swichi ndogo ya kukata kapasita kasi ikifika kama robo tatu. Vumbi la mbao hujishindilia humo. Swichi hiyo ikishindwa kufunga (kuunganisha umeme), mota haiondoki. Ikiganda imefunga, kapasita mpya nayo itaungua, halafu utamlaumu muuza duka bure. Safisha kwa brashi kavu na msasa laini, usipake grisi.

Hiyo ekstensheni ndefu uliyoitaja nayo naitilia shaka. Pima volti kwenye mota wakati inajaribu kuwaka: zikishuka mbali chini ya 230, weka waya mnene zaidi.