Mwacheni mzee aende majini, ila kaeni naye mpige hesabu kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia. Baba yake ana miaka 71, alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, sasa anataka kurudi kwenye mtumbwi akavue na wenzake kama zamani, watoto wamekaa kikao wamekataa. Ananiuliza, mama, tumekosea? Nimeusoma ujumbe mara tatu na usiku ule sikulala vizuri, manake mimi ndo huyo baba.

Mnaonifuatilia mnajua, polio ilinipata nikiwa na miaka 4, mguu wa kushoto ukabaki ulivyobaki, sasa nina 63 na bado natembelea magongo. Kwa magongo hayo nimesoma, nimezaa, nimelea, nimefanya kazi mpaka nikastaafu. Na nimeogelea. Baharini ndo mahali pekee mguu wangu haunidai kitu, maji yananibeba nakuwa mwepesi kama wengine, na mtu aliyetembea kwa miguu miwili maisha yake yote sidhani ataielewa raha hiyo hata nimweleze vipi.

Miaka 2 iliyopita nikaanguka. Sio baharini. Chooni, usiku, sakafu imelowa, gongo likateleza, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Watu wakawa wanasema afadhali sio mguu, hawajui kwamba kwa mtu wa magongo mkono ndo mguu wenyewe. Wiki 6 za plasta sikuweza kusimama bila kushikwa, hata kuoga naogeshwa. Nikiwa pale kitandani wanangu wakapigiana simu wakaamua, mama basi kuogelea, basi kutoka peke yake. Hakuna aliyeniuliza. Kijana wangu wa kwanza akaichukua nguo yangu ya kuogelea akaificha, nimekuja kuikuta mwaka jana kwenye sanduku la nguo za wajukuu. Nimemsamehe, lakini nikikumbuka kifua bado kinabana. Mama yako mzazi unamfichia nguo?

Basi nikakaa, mwaka mzima. Ulipoisha nilikuwa siwezi kujiinua kwenye kiti. Misuli isiyofanya kazi inaisha, na kwa mtu mzima inaisha haraka kuirudisha ni shughuli, tena ukishaogopa kuanguka unapunguza kutembea, ukipunguza unalegea, ukilegea ndo unaanguka kweli. Huo usalama wao ulikuwa unanimaliza polepole na wote tunaangalia.

Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanieleza kwamba sisi wa polio zile neva zilizopona utotoni zilibeba mzigo wa zilizokufa, na baada ya miaka mingi zenyewe zinachoka, kwahiyo nikikaa tu nadhoofika na nikijitutumua kupita kiasi nadhoofika pia. Mabega yangu yamebeba mwili huu karibu miaka 60. Akaniambia kila siku yana nguvu za kiasi fulani, amua unazitumia wapi.

Nikakubali kitimwendo. Hapo nitasema ukweli, nilikikataa miaka mingi kwa kiburi, nikikiona ni kushindwa. Leo safari ndefu ni kitimwendo, ngazi nimeachana nazo kabisa, nguvu ninazookoa huko nazipeleka majini. Chooni kuna vyuma vya kushikilia na taa inawaka usiku kucha. Baharini navaa jaketi la kuokolea na naingia na mtu anayejua kuogelea, sio wa kunishikia taulo.

Jumapili nimefika kwenye boya na kurudi, mara ya kwanza tangu nianguke, dakika 25. Nimetoka nalia. Kijana wangu alikuwa ufukweni ameyashika magongo, hakusema kitu na mimi sikusema kitu.

Huwa namfikiria Stephen Hawking, yule mwanasayansi Mwingereza wa kitimwendo, 2007 akiwa na miaka 65, mwili karibu wote umepooza, akapanda ile ndege ambayo abiria wanaelea ndani kama hawana uzito. Alipanda na madaktari na wauguzi humohumo ndani. Hawakumwambia kaa nyumbani ni hatari, walijipanga wakaenda naye. Hicho ndo ninachowaomba nyie wenye wazee, jipangeni muende nao. Kuzeeka sio kosa la kufungiwa ndani, na mwenye ulemavu akiwa mtu mzima anajua hatari za mwili wake kuliko nyie, ameishi nazo, muulizeni kabla hamjamkatalia.

Sasa dada, kwa baba yako hesabu ni hii. Mguu uliobaki ndo wa kulinda kuliko kitu chochote, sukari inaua hisia za nyayo, anaweza kujikata mtumbwini asisikie, kwahiyo viatu vya kufunika vidole na kila akirudi nyayo zikaguliwe na kukaushwa mpaka katikati ya vidole. Kama anatumia insulini au dawa za kushusha sukari, kazi ya kasia inaweza kuishusha ghafla, abebe kitu kitamu mahali anapokifikia, na mwenzake mtumbwini ajue dalili zake, kutetemeka, jasho, kuongea ovyo. Jaketi avae toka nchi kavu. Daktari wake aambiwe, na baba mwenyewe awepo, asizungumziwe pembeni.

Na kabla ya yote hayo kaeni naye, nyie watoto wote, mumuulize anataka kwenda na nani, mara ngapi, na kitu gani hasa anakikumbuka huko, huenda ni samaki, huenda ni wale wenzake tu. Ukishamuuliza niandikie, nataka kujua alijibu nini.