Jibu: Unasihi wa mtu mmoja na tiba ya familia, vinachanganyika?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumchimba mteja yaliyomo moyoni tangu utotoni na huku ukaita familia, au uchague njia moja. Changanya tu, si jambo geni. Nathan Ackerman na Murray Bowen, miongoni mwa waasisi wa tiba ya familia Marekani, walitokea kwenye saikoanalisia (tiba ya kuchimbua yaliyofichika akilini tangu utotoni). Bowen, katika utafiti alioanza 1954, alifikia kulaza familia nzima wodini.

Huyo mteja wako, binti wa Kondoa anayenyamaza kila baba mdogo akipiga simu: mkiwa wawili, sikiliza anamwogopa nani hasa. Huenda hofu ni ya marehemu baba yake, kaihamishia kwa huyu. Kisha mchore mti wa ukoo wa vizazi vitatu, uone nani hasemeshani na nani. Shangazi usimsahau (wengine ndio wenye kauli ya mwisho!).

Ila siri za faragha usizipeleke kikaoni bila ridhaa yake. Mkubaliane hilo kabla ndugu hawajapanda basi kuja Dodoma mjini. Na kama nyumbani kuna kipigo, kikao cha pamoja kisubiri kwanza.