Usipushi hiyo "update docs", mkuu

Toa mkono kwenye Enter kwanza. Umesema umegusa mafaili sita ya dokumentesheni, unataka kuandika "update docs" umalize, halafu unauliza ujumbe wa komiti (kifurushi cha mabadiliko kinachohifadhiwa kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya mafaili) uwe wa Kiswahili au Kiingereza, na kama uunganishe komiti zote kuwa moja. Hayo ya lugha baadaye.

Mimi niliandika maneno hayohayo mawili. Tulikuwa na ukurasa wa maelekezo kwa maduka yanayopokea malipo ya simu kupitia kwetu. Uliwaambia wasubiri sekunde 30 kabla ya kutuma ombi upya. Tukagundua mwisho wa mwezi, foleni ikijaa, jibu hupita hata dakika moja, nikaweka 90. Humohumo nikapanga vichwa, nikarekebisha koma, nikabadili picha, vyote komiti moja. "Update docs". Huyoo, chipsi mayai.

Miezi minane baadaye nafanya usafi, nakuta juu 90, chini kwenye mfano wa kodi (msimbo wa programu) 30 (nilisahau kuibadili, msinicheke). Ipi sahihi? Napiga git blame, amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, nimjue mjinga aliyeweka 90. Jina langu. Nafungua komiti: mafaili arobaini na ushee, sababu hakuna, na kichwani kwangu pia hakuna. Nikaona 90 ni kuteleza kwa kidole, nikarudisha 30. Ujumbe? "Fix typo". Ndiyo, mara ya pili.

Duka moja jipya likafuata maelekezo kama yalivyo. Mwisho wa mwezi ombi la kwanza liko njiani, la pili hilo likaenda. Wateja wakakatwa mara mbili. Najua, mfumo ulipaswa kukataa ombi lililojirudia, tulishalirekebisha, msianze. Wikiendi nzima niko na Excel narudisha hela mtu mmoja mmoja. Mama mmoja alinipigia mara saba, kila mara ananiita mwizi wa mtandaoni. Ya saba nikaanza kuamini.

Na aliyenipoteza ni kaka mkubwa wa timu: "Dokumentesheni si kodi bwana, andika chochote, hakuna anayesoma." Hakuna anayesoma! Waliosoma ndio walioninyima usingizi. Wikiendi hiyo yeye yuko likizo, simu haipatikani.

Sasa shika moja tu: andika KWA NINI. Kilichobadilika git diff inakionyesha yenyewe, sababu haionyeshi. Ningeandika hivi ningepona:

Maelezo: ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 90

Mwisho wa mwezi jibu la malipo hupita dakika moja.
Kwa sekunde 30 mteja anaweza kukatwa mara mbili.

Mstari wa kwanza ujitahidi usizidi herufi 50, ruka mstari, kisha sababu. Achana na -m, ile ya kuandika ujumbe humohumo kwenye amri, hiyo ndiyo inayotufanya tuandike kama tunalipia kila neno. Piga git commit tupu, kihariri kikifunguka utaona aibu kuandika maneno mawili. Na koma zikae komiti yake, namba komiti yake; git add -p inakuuliza kipande kwa kipande, ukikataa kipande kinabaki.

Halafu hilo faili la tatu, ulilosema umebadilisha "kinamba fulani tu". Kinamba gani, mkuu? Na kwa nini?