Muulize Mjomba: Nyota moja kwa uwanja wa mtaani

SWALI: Shikamoo Mjomba. Naishi Columbus, Ohio, na tangu mwaka jana nacheza gofu ya visahani. Mwezi uliopita nilicheza kwenye bustani ya mtaa tuliohamia, mashimo tisa. Nikaandika mtandaoni: "Uwanja mfupi, hauna maana, nimepoteza visahani viwili bwawani. Msijisumbue." Nikaupa nyota moja. Watu sita wamebonyeza kwamba maoni yangu hayakuwasaidia. Nimesema uongo gani?
*Baba wa Watoto Wawili, Columbus*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uongo hujasema. Tatizo ni kwamba umetueleza jioni yako, uwanja hujatueleza.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu: unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Kila safari, kutoka pa kurushia hadi kikapuni, ndiyo tunaiita shimo. Mwenye marusho machache ndiye mshindi. Viwanja vingi huku Marekani vimo kwenye bustani za umma, havina kiingilio wala mtu wa kumuuliza getini. Kwa hiyo yale maoni ya mtandaoni ndiyo mwenyeji anayempokea mgeni, na wewe ulikuwa mwenyeji siku ile.

Umesema mfupi. Mfupi kwa nani? Kwa kijana anayerusha futi 350, shimo la futi 180 ni la kupasha misuli. Kwa binti yako wa miaka tisa ni safari ya marusho matatu yenye jasho. Uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu, Oak Grove kule California, uliwekwa mwaka 1975 na Ed Headrick, yule yule aliyebuni kikapu cha minyororo. Wakati ule watu walirusha visahani vinene vya kuchezea ufukweni. Visahani vya ukingo mkali vinavyokata upepo vilikuja mwaka 1983, na tangu hapo viwanja vya zamani vimeonekana vifupi ingawa havijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo andika kwanza wewe ni mchezaji wa namna gani: umeanza lini, unarusha umbali gani, ulicheza na nani. Msomaji atapima mwenyewe.

Na hilo bwawa! Ndilo jambo la maana kuliko yote uliyoandika, nawe umelipitia kwa hasira. Liko shimo la ngapi? Kulia au kushoto kwa anayerusha? Kuna njia ya kulizunguka kwa mtu asiyetaka kubahatisha? Maji yanafika magotini, au hayaonyeshi chini? Kisahani kizuri ni dola 15 hadi 20. Ungeandika "shimo la sita, bwawa lote kushoto, rusheni kile msichokililia," watu sita wangekushukuru.

Nakwambia haya kwa sababu yamenikuta. Mimi ni mtu wa Tanga, ila mwaka wa 11 sasa naishi Charlotte, North Carolina. Kuna Jumamosi niliwachukua wanangu na shemeji yangu, tukaendesha saa mbili na nusu kwenda uwanja wenye alama nne na nusu. Maoni yote yalisifu miti na mandhari, na kweli miti ilikuwa mizuri. Lakini baada ya shimo la nne hapakuwa na kibao wala mshale. Tulizunguka msituni dakika arobaini tukitafuta la tano, mtoto mdogo akilia. Niliporudi nyumbani nikasoma tena na kugundua kwamba karibu kila aliyeandika alikuwa mtu wa pale pale. Wanazijua njia kwa miguu, vibao vya nini? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nauona ukweli wake hapa: jicho la mgeni linaona pengo ambalo mwenyeji ameshalizoea. Wewe ulikuwa mgeni mtaani kwako. Ulipotea wapi? Hapo ndipo pa kuandika.

Andika pia mwezi. Huku kwetu Novemba majani yanafunika ardhi, na kisahani chekundu kinapotea hatua tatu mbele yako. Julai kuna kupe, na ule mmea wa majani matatu matatu unaowasha kama upupu. Uwanja ni ule ule, siku mbili tofauti kabisa.

Kuhusu nyota yenyewe: DGCourseReview, tovuti ya maoni ya viwanja vya mchezo huu, wanatoa alama kwa visahani, sifuri hadi vitano, nusu zinaruhusiwa, na maandishi yana sehemu ya mazuri, ya kasoro na ya mengineyo. Napenda mpangilio huo kwa sababu unakulazimisha kutafuta zuri hata ukiwa na hasira. Hiyo moja yako sikubaliani nayo. Maple Hill kule Leicester, Massachusetts, ni shamba la miti ya Krismasi na unalipa kuingia. Huwezi kuchukua kipimo cha pale ukakishusha juu ya mashimo tisa ya bure yaliyowekwa ili watoto wajifunze. Kama vikapu vimesimama wima, pa kurushia hapatelezi, na hakuna anayerusha kuelekea kwenye bembea za watoto, uwanja huo umefanya kazi yake. Ila kama shimo lolote linavuka njia ya wapita kwa miguu, liseme kwa sauti kubwa, hata ukitoa nyota tano.

SWALI: Mjomba, mimi ni msomaji tu, siandiki. Oktoba nitapita Rock Hill, South Carolina. Nisome yapi katika maoni mia na zaidi?
*Dereva wa Lori, Atlanta*

JIBU: Ndugu yangu, anza na ya nyota tatu. Mtu wa nyota tatu amependa na amekereka, kwa hiyo ana la kukuambia. Kisha tazama tarehe, na uwanja ulikuwa umepangwa vipi siku aliyocheza. Rock Hill hilo ni muhimu mno: Winthrop, chuo kikuu cha pale, ndiko yanakochezwa mashindano ya taifa ya Marekani tangu 1999, na kwa ajili yake hutandazwa kamba ndefu za kuonyesha mipaka. Anayesifu kamba hizo anasifu uwanja ambao wiki nyingine hutaukuta. Na Oktoba ndio mwezi wao wa kawaida, kwa hiyo hakikisha kwanza kama wageni wanaruhusiwa kurusha siku unayopita. Maegesho ya lori ulizia mapema. Sijaona mtu aliyeyaandika, na wewe ukishapita tafadhali yaandike.