Taa za Krismasi kwa mfuko mdogo: fundi anajibu

Maswali ya taa yamekuwa mengi wiki hizi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Nina shilingi 30,000, nyumba ndogo Tabata yenye baraza. Zitatosha?

Marahaba. Zitatosha ukikubali kupamba upande mmoja tu, ule unaoonekana na wapita njia. Wengi hutawanya hela: kamba moja dirishani, nyingine mlangoni, nyingine kwenye mti, na zote dhaifu. Chukua kamba mbili za LED zenye afya, uzitandaze kwenye ukingo wa baraza, basi. Nenda Kariakoo asubuhi siku ya kazi, wakati muuzaji ana muda wa kupatana bei na wewe. Ukienda Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, bei ni ya kwake.

Idadi ya balbu iliyoandikwa kwenye boksi isikutie wazimu. Angalia plagi, unene wa waya, na kile kiboksi cha kubadilishia mimweko. Kiboksi kikifunguka kwa ukucha, rudisha, maana ndani yake mna umeme wa ukutani. Ukipata zenye adapta inayoshusha umeme hadi volti 24 au 31, ongeza hela kidogo uchukue hizo, hasa kama una watoto wanaoshikashika. Mwambie muuzaji achomeke mbele yako na abonyeze mitindo yote mpaka uione kila rangi ikiwaka. Akikataa, hamia meza ya pili.

Zitakula umeme wa LUKU kiasi gani?

Kidogo mno. Kamba ya LED ya balbu 100 hutumia wati 5 hivi. Ukiiwasha kwa muda wa saa 6 kila usiku kwa siku 30, haifiki hata uniti moja, na uniti kwa bei ya kawaida ni kama shilingi 360. Zile za zamani zenye balbu zinazopata moto ndizo za kuogopa: wati 40 kwa idadi hiyohiyo ya balbu, yaani uniti 7 na ushee kwa mwezi. Kwa hiyo wanaokuuzia za zamani kwa bei ya kutupa hawakufanyii hisani.

Dada yangu ametuma taa kutoka Marekani. Nikitafuta plagi ya kubadilishia zitafanya kazi?

Usichomeke kwanza! Plagi hubadilisha umbo la miguu tu, haigusi umeme. Kwao ni volti 120, kwetu 230. Soma maandishi madogo kwenye adapta: kama yanasema 100–240V, tumia bila wasiwasi. Yakisema 120V peke yake, zitaungua au zitawasha pazia. Transfoma ya kushusha umeme ipo madukani, lakini mara nyingi bei yake inazidi ya taa mpya.

Nusu ya kamba imezima, nusu inawaka. Nitupe?

Bado. Balbu hizi hufungwa kwa mafungu, na ndani ya fungu umeme hupita balbu moja baada ya nyingine. Moja ikikata, fungu zima linalala. Chomoa kwanza kwenye soketi, kisha fuatilia sehemu iliyozima ukitafuta balbu iliyolegea au waya uliokatika shingoni. Ikiwa ni rangi moja tu iliyopotea kamba nzima, tazama kwanza kwenye kiboksi.

Naweza kuziweka nje? Huku mvua za vuli hazijaisha.

Tafuta alama ya IP44 au zaidi, yaani alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP20 ni za ndani, hata muuzaji aape. Kiboksi na maungio ya plagi vikae chini ya paa, juu ya usawa wa maji. Na tafadhali msifunge waya kwenye ukingo wa bati. Upepo unausugua, bati linakata mpira wa waya, na paa zima linabeba umeme. Tumia vibanio vya plastiki au funga kwenye mbao.

Tunakwenda Moshi tarehe 20. Niziache zikiwaka ili wezi wadhani tupo?

Taa za Krismasi zinazomulika saa sita mchana kwa wiki nzima zinatangaza kwamba hamko. Chomoeni. Kama lazima iwake taa, iwe ya ulinzi, kwa taima inayowasha na kuzima yenyewe, au mpe jirani ufunguo.

Watoto wanataka zile zinazopiga muziki.

Muulize muuzaji kama muziki unazimika huku taa zikiendelea kuwaka. Akisita kujibu, waambie watoto zimeisha.