Kumuaga mchungaji: ulizeni kwanza anahamia wapi

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umeuliza usharika wenu umpe nini mchungaji anayestaafu, maana kamati imegawanyika kati ya sofa na ng'ombe. Kabla ya kununua chochote, mtumeni mama mmoja wa umoja wa wanawake akamuulize mama mchungaji, taratibu, wanahamia wapi. Wachungaji wengi wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huishi nyumba ya usharika, na wakistaafu hukabidhi funguo. Sofa ataiweka wapi kama nyumba ya kijijini imeishia kwenye lenta? Afadhali mbao, mabati na hela ya fundi. Mhazini naye ahakikishe mapema kwamba michango ya pensheni yake haina pengo.

Wapo watakaosema kumpa pesa mtumishi ni kumshushia hadhi. Wasomeeni 1 Timotheo 5:17, penye heshima maradufu kwa wanaojitahidi kuhubiri na kufundisha, kisha mstari wa 18 unaotaja ujira waziwazi.

Kuhusu kumshukuru kwa mahubiri yake, risala ndefu haitoshi. Chagueni waumini watatu, kila mmoja aeleze hubiri moja analolikumbuka na lilimfanya abadilishe nini: aliyeacha gongo, waliopatana baada ya kugombania mpaka wa shamba. Dakika tano tano, basi (wageni rasmi nao muwapangie muda, hujisahau!). Madaftari yake ya mahubiri, akiridhia, kijana ayapige picha ukurasa kwa ukurasa.

Na Jumapili hiyo ahubiri yeye. Mkuu wa jimbo akija, aongoze kuaga tu.